Ushahidi wa Wenyeji na Fumbo la Yai la Ekidna: Historia ya Maarifa Kuhusu Mamalia Mchimbaji wa Australia na Guinea Mpya, 1792–2023

Utangulizi

Ekidna ni mamalia wa Australia na kisiwa cha Guinea Mpya. Kwa umbo la nje hukaribia kalunguyeye: mgongo wake umefunikwa miiba, na akishtushwa hujikunja au huzama ardhini kwa kuchimba wima mpaka miiba pekee ibaki juu. Kwa chakula hukaribia muhanga: hufukua vichuguu kwa makucha yenye nguvu na kulamba mchwa na sisimizi kwa ulimi mrefu unaonata. Uzazi wake, hata hivyo, haufanani na wa wanyama hao wawili. Jike hutaga yai moja dogo lenye ganda laini kama ngozi na kulibeba katika kifuko cha tumboni kwa siku zipatazo 10. Kinda akianguliwa hulamba maziwa yanayojitokeza kwenye ngozi, kwa kuwa mama yake hana chuchu.

Leo mambo haya yamo katika vitabu vya biolojia na hayabishaniwi. Lakini tangu ekidna alipoelezwa kwa mara ya kwanza katika maandishi ya kisayansi ya Ulaya mwaka 1792 hadi yai lake lilipokubaliwa mwaka 1884, ilipita miaka 92. Maelezo yaliyozoeleka ya ucheleweshaji huo ni kwamba ushahidi haukuwapo: mnyama ni msiri, msimu wake wa kuzaa ni mfupi, na wanasayansi waliishi mbali naye. Insha hii inadai kwamba maelezo hayo ni nusu ya ukweli. Ushahidi wa aina moja, yaani kauli za watu walioishi na wanyama hao, ulikuwapo na uliandikwa mapema. Kilichokosekana ni utayari wa kuuchukua kama dai linalostahili kupimwa. Insha inafuatilia suala hilo katika vipindi vitatu: uainishaji wa mwanzo, mabishano ya karne ya 19 yaliyomalizika mwaka 1884, na juhudi za uhifadhi hadi mwaka 2023, ambapo suala lilelile limejitokeza upya likiwa na uzito wa kuokoa au kupoteza spishi nzima.

Mnyama asiye na mahali katika orodha

Mwaka 1792 George Shaw, mtaalamu wa viumbe wa Makumbusho ya Uingereza jijini London, alichapisha maelezo na mchoro wa mnyama mwenye miiba aliyeletwa kutoka koloni jipya la New South Wales. Shaw aliongozwa na pua ndefu, ulimi na chakula cha mnyama huyo. Akamweka katika jenasi ya Myrmecophaga, pamoja na walasisimizi wa Amerika ya Kusini, na kumpa jina la spishi aculeata, yaani mwenye miiba. Kosa hilo halikuwa lake peke yake. Mwaka 1766 Peter Simon Pallas alikuwa amemweka muhanga wa Afrika katika jenasi hiyohiyo. Wanyama watatu wa mabara matatu, wasio na undugu wa karibu, walikusanywa chini ya jina moja kwa sababu wote huchimba na kula wadudu. Uainishaji wa wakati huo ulisoma kazi ya mwili na kuidhania kuwa nasaba.

Katika mwaka uleule wa 1792, meli ya Providence chini ya nahodha William Bligh ilitia nanga katika ghuba ya Adventure, kusini mwa Tasmania. Ekidna aliyepatikana huko alichorwa, kisha akachomwa na kuliwa, na ofisa George Tobin akaandika kwamba nyama yake ilikuwa na ladha nzuri. Tukio hilo dogo linaonyesha namna maarifa ya awali yalivyokusanywa: kwa kukutana na mnyama mmoja mmoja aliyekufa, bila kuuliza anaishije.

Mabadiliko yalianza mwaka 1802, pale Everard Home, daktari wa upasuaji wa London, alipopasua ekidna na kukuta kwamba njia ya mkojo, ya haja kubwa na ya uzazi huishia katika tundu moja, kama ilivyo kwa ndege na reptilia. Home alikuwa ameona hali hiyohiyo kwa platipasi, mnyama wa mitoni mwenye mdomo kama wa bata. Mwaka 1803 Étienne Geoffroy Saint-Hilaire wa Paris aliwapa wanyama hao jina la pamoja, monotremata, yaani wenye tundu moja. Tangu hapo mjadala wa uzazi wa platipasi ulikuwa pia mjadala wa uzazi wa ekidna, na ushahidi uliomhusu mmoja ulitumiwa kumhukumu mwenzake.

Jina la ekidna lenyewe lina historia ya mkanganyiko. Mwishoni mwa karne ya 18 Georges Cuvier alimpa mnyama huyu jina la jenasi Echidna, linalohusishwa na kiumbe wa hekaya za Kigiriki aliyekuwa nusu mwanamke na nusu nyoka. Ilibainika kwamba jina hilo lilikwisha kutumiwa kwa samaki wa jamii ya mikunga, hivyo mwaka 1811 Johann Illiger akaunda jina Tachyglossus, yaani mwenye ulimi wa kasi. Jina la Cuvier likafutwa katika orodha rasmi, lakini likabaki katika vinywa vya watu.

Mabishano juu ya yai

Baada ya mwaka 1803 swali lilikuwa moja: je, monotremata hutaga mayai? Jibu lilibeba matokeo makubwa kuliko wanyama wenyewe. Geoffroy alisisitiza kwamba wanataga, na kwa sababu hiyo akakataa kuwahesabu kuwa mamalia. Johann Friedrich Meckel wa Ujerumani, aliyegundua tezi za maziwa za platipasi katika miaka ya 1820, alishikilia kwamba mwenye maziwa ni mamalia, na mamalia huzaa. Richard Owen, aliyekuja kuwa mtaalamu wa anatomia mwenye sauti kubwa zaidi Uingereza, alishika njia ya kati: yai hutungwa, lakini huanguliwa ndani ya tumbo la mama. Pande zote tatu zilikubaliana juu ya jambo moja ambalo halikuwa limethibitishwa, kwamba maziwa na yai haviwezi kukaa pamoja katika mnyama mmoja. Nadharia ilikuwa imekwisha kuamua ni ushahidi upi unaowezekana.

Wakati huohuo, taarifa kutoka Australia zilikuwa zikisema vingine. Katika muongo wa pili wa karne hiyo John Jamison, mmiliki wa ardhi wa New South Wales, aliiandikia Jumuiya ya Linnaeus ya London kwamba platipasi hutaga mayai. Mwaka 1822 jumuiya hiyo ilichapisha barua ya Patrick Hill, daktari wa jeshi la majini, aliyenukuu maelezo ya mzee wa wenyeji wa asili aitwaye Cookoogong. Kwa mujibu wa mzee huyo, kwao lilikuwa jambo linalojulikana vyema kwamba mnyama yule hutaga mayai mawili, yanayolingana na mayai ya kuku kwa ukubwa, rangi na umbo.

Kauli ya Cookoogong inahitaji kusomwa kwa uangalifu. Idadi aliyoitaja ni sahihi, kwani platipasi hutaga mayai mawili mara nyingi. Ukubwa alioutaja si sahihi, kwa kuwa yai la platipasi halifikii hata sentimita mbili kwa urefu. Haiwezekani sasa kujua iwapo kosa hilo lilitoka kwake, kwa mkalimani au kwa Hill mwenyewe. Inatosha kusema kwamba kauli hiyo ilikuwa na ukweli wa msingi pamoja na kasoro, kama zilivyokuwa ripoti za wanasayansi wa Ulaya wa kipindi hicho. Tofauti ilikuwa katika namna kasoro zilivyochukuliwa. Kosa la Shaw katika uainishaji lilisahihishwa na kazi yake ikaendelezwa. Kauli ya Cookoogong iliwekwa kando yote.

Mfano wa wazi wa mwenendo huo ni George Bennett, daktari na mtaalamu wa viumbe aliyefika New South Wales na kusafiri bara katika miaka ya 1832 na 1833 akiwa na nia ya kutatua fumbo hilo. Bennett alifukua mashimo ya platipasi kando ya mito akisaidiwa na wenyeji, na aliwauliza kuhusu mayai. Alipata majibu yaliyopingana, na akahitimisha kwamba wenyeji hawawezi kutegemewa katika suala hilo. Uamuzi huo haukukosa sababu: majibu yanayopingana ni tatizo la kweli kwa mtafiti yeyote. Lakini Bennett aliuliza katika lugha ambayo hakuimudu. Aidha, wale aliowaona hawategemeki katika maneno ndio haohao aliowategemea kabisa kumwonyesha shimo lilipo. Aliamini macho yao na mikono yao, na kutilia shaka vinywa vyao.

Ingekuwa rahisi kueleza yote haya kwa ubaguzi wa rangi peke yake. Ushahidi hauruhusu wepesi huo. Mwaka 1864 daktari mlowezi katika mji wa machimbo wa Wood's Point, Victoria, alimwarifu Owen kwamba platipasi aliyefungiwa huko alikuwa ametaga mayai mawili. Owen alijibu kwa kueleza kwamba huenda mnyama huyo alitoa mimba kwa sababu ya hofu. Mwaka 1865 Owen huyohuyo alichapisha maelezo ya kina kuhusu kifuko cha ekidna na kinda mdogo aliyepatikana ndani yake, lakini hakubadili msimamo wake. Kwa hiyo vizuizi vilikuwa viwili vilivyoshikamana. Cha kwanza kilikuwa mamlaka ya nadharia, iliyoweza kufasiri upya hata yai lililoonekana. Cha pili kilikuwa ngazi ya mashahidi: mwanaanatomia wa London juu, mlowezi wa koloni chini yake, na mwenyeji wa asili chini kabisa. Kadiri shahidi alivyokuwa karibu na mnyama, ndivyo alivyokuwa mbali na hukumu.

Mwaka 1884 na bei ya uthibitisho

Kuchapishwa kwa nadharia ya Charles Darwin mwaka 1859 kulibadilisha uzito wa swali. Mamalia mwenye kutaga mayai hakuwa tena kituko cha kuharibu orodha. Alikuwa dalili ya nasaba ya kale inayowaunganisha mamalia na mababu wao waliotaga mayai. Ni katika hali hiyo ambapo William Hay Caldwell, mtafiti kijana wa Chuo Kikuu cha Cambridge, alifika Australia mwaka 1883 akiwa na ufadhili wa masomo na jukumu la kukusanya viinitete.

Mwaka 1884 Caldwell alipiga kambi kando ya mto Burnett, Queensland, na kuajiri wenyeji wa asili wapatao 150. Kazi hiyo isingewezekana bila wao. Ekidna hana makao ya kudumu nje ya msimu wa malezi. Hujificha ndani ya magogo, chini ya vichaka na katika ardhi aliyoifukua, na huacha alama chache ambazo jicho lisilozoea haliwezi kuzisoma. Kwa ujuzi wa wawindaji hao, ekidna zaidi ya 1,000 waliletwa kambini. Mnamo Agosti lilipatikana yai la ekidna ndani ya kifuko, na tarehe 24 mwezi huo aliuawa platipasi aliyekwisha kutaga yai moja, la pili likiwa bado katika njia ya uzazi. Caldwell alituma telegramu ya maneno manne iliyopitia Sydney na kusomwa tarehe 2 Septemba katika mkutano wa wanasayansi wa Uingereza uliokuwa Montreal, Kanada. Ilisema kwamba monotremata hutaga mayai, na kwamba yai lao hugawanyika kwa namna ya mayai yenye kiini kikubwa.

Siku hiyohiyo, katika mji wa Adelaide, Wilhelm Haacke, mkurugenzi wa makumbusho ya Australia Kusini, aliwaonyesha wanachama wa jumuiya ya kisayansi ya huko ganda la yai la ekidna. Alikuwa amelikuta tarehe 25 Agosti ndani ya kifuko cha jike aliyeletwa kutoka kisiwa cha Kangaroo. Kwa mshangao alilibana yai hilo hadi likapasuka. Watu wawili wasiojua kazi ya mwenzake walithibitisha katika wiki moja jambo lililobishaniwa kwa miongo minane.

Historia za sayansi husimulia sadfa hiyo kwa furaha. Ni nadra zaidi kusimulia masharti ya kazi ya Burnett, ambayo Caldwell mwenyewe aliyaeleza hadharani. Aliwalipa wawindaji nusu krauni kwa kila jike la ekidna, huku akiwauzia yeye mwenyewe unga, chai na sukari. Bei ya vyakula hivyo aliipandisha kadiri ekidna walivyozidi kuletwa, ili malipo yatoshe chakula tu na njaa iwarudishe porini. Wenyeji hao waliishi katika ardhi iliyokwisha kugeuzwa malisho ya wafugaji wa kizungu, na hawakuwa na njia nyingi za kukataa. Majina yao hayakuandikwa katika ugunduzi huo. Miaka 62 baada ya kauli ya Cookoogong kuchapishwa, maarifa ya wenyeji yalithibitishwa kwa kazi ya wenyeji, na heshima ya uthibitisho ikaenda Cambridge.

Mchimbaji na ardhi yake

Baada ya mwaka 1884 utafiti uliendelea kwa miongo mingi kumtazama ekidna kama mabaki ya kale, na ni baadaye tu ambapo alianza kutazamwa kama mchimbaji anayeitengeneza ardhi. Ekidna anapotafuta chakula huvunja tabaka gumu la juu la udongo, huchanganya majani makavu na udongo wa chini, na kuacha vishimo vinavyokusanya maji na mbegu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulikadiria kwamba ekidna mmoja hupindua takribani mita za ujazo 204 za udongo kwa mwaka.

Umuhimu wa kazi hiyo umeongezeka kwa sababu wachimbaji wenzake wametoweka. Sungura walioachiliwa Victoria mwaka 1859, mbweha walioletwa katika miaka ya 1870, paka walioingia mwituni, mifugo, na kubadilika kwa desturi za wenyeji za kuchoma nyika, vyote viliwashambulia mamalia wadogo na wa kati wa bara hilo. Bilbi mdogo ametoweka kabisa. Betongi, mnyama wa kifuko anayechimbua uyoga wa ardhini, amebaki katika sehemu ndogo tu ya eneo lake la zamani. Tathmini iliyochapishwa mwaka 2014 ilionyesha kwamba takribani nusu ya spishi za mamalia wachimbaji wa Australia zimetoweka au zinahitaji hifadhi. Ekidna mwenye mdomo mfupi amenusurika kwa miiba yake, kwa uwezo wake wa kuishi msituni na jangwani, na kwa chakula ambacho hakikosekani popote penye mchwa.

Kunusurika huko si kinga. Ekidna wa kisiwa cha Kangaroo, jamaa wa yule aliyempa Haacke yai lake, wameorodheshwa kisheria kuwa hatarini kutoweka, na moto wa 2019–2020 uliteketeza karibu nusu ya kisiwa hicho. Mnyama anayezaa kinda mmoja kwa msimu, na kumnyonyesha kwa miezi ipatayo saba, hawezi kufidia hasara kwa haraka. Katika kumfuatilia, sayansi imelazimika kurudi kwa mashahidi wa kawaida: tangu mwaka 2017 mradi wa Chuo Kikuu cha Adelaide umekuwa ukiwaomba wananchi wapige picha za ekidna na kutuma kinyesi chao, ili hali ya mnyama isomwe bila kumkamata.

Milima ya Cyclops

Guinea Mpya ina ekidna wa jenasi nyingine, Zaglossus, wenye mdomo mrefu, ambao wa kwanza wao alielezwa mwaka 1876. Spishi moja, Zaglossus attenboroughi, ilitambuliwa mwaka 1998 na Tim Flannery na Colin Groves kwa kutegemea mnyama mmoja tu, aliyekusanywa mwaka 1961 katika milima ya Cyclops, karibu na Jayapura nchini Indonesia, na kuhifadhiwa Leiden, Uholanzi. Kwa miongo kadhaa maarifa yote ya maabara juu ya spishi hiyo yalikuwa mabaki yaliyoharibika ndani ya sanduku.

Wakazi wa miteremko ya milima hiyo hawakuwa na shaka juu ya kuwapo kwake. Timu iliyofika mwaka 2007 iliambiwa na wanakijiji kwamba mnyama huyo ameonekana miaka michache tu iliyopita, na ilikuta mashimo yaliyochomwa na pua ndefu ardhini. Katika kijiji cha Yongsu Sapari ekidna ana nafasi katika desturi ya kupatanisha watu. Waliogombana hutumwa, mmoja msituni kumtafuta ekidna, mwingine baharini kumtafuta nduaro, samaki mwenye pua ya mkuki. Kwa kuwa wote wawili ni adimu, utafutaji waweza kuchukua miaka mingi, hata kizazi kizima, na kupatikana kwao huwa alama kwamba ugomvi umekwisha. Ndani ya desturi hiyo mna taarifa ya kiekolojia: mnyama yupo, ni haba, na hukaa juu mlimani.

Mwaka 2023 msafara ulioongozwa na James Kempton wa Chuo Kikuu cha Oxford, ukishirikiana na asasi ya uhifadhi ya Papua iitwayo YAPPENDA, taasisi za Indonesia, wanafunzi wa Papua na wanajamii wa Yongsu Sapari, ulitega kamera zaidi ya 80. Picha za ekidna zilipatikana siku ya mwisho. Tofauti na Burnett, wenyeji hapa walitajwa kama washirika, idhini yao iliombwa, na masimulizi yao yaliongoza mahali pa kutafuta. Tofauti nyingine ni kwamba hakuna mnyama aliyeuawa ili kuthibitisha kwamba spishi hiyo ipo.

Hitimisho

Historia iliyofuatiliwa inaonyesha kwamba yai la ekidna halikuchelewa kujulikana, lilichelewa kuaminiwa. Sababu zake zilikuwa nadharia iliyokataza maziwa na yai kukutana, na ngazi ya mashahidi iliyopima kauli kwa cheo cha msemaji. Kauli za wenyeji hazikuwa kamilifu, na insha hii haipendekezi zipokewe bila kupimwa. Inaonyesha kwamba kukataa kuzipima kulikuwa kosa la kimbinu kabla ya kuwa kosa la kimaadili. Barua ya Hill ilitosha kumpa Owen swali la kuchunguza mwaka 1822 au wakati wowote baadaye.

Katika karne ya 19 gharama ya kosa hilo ilikuwa muda, na maisha ya wanyama wengi waliouawa. Katika uhifadhi wa leo gharama ni nyingine. Spishi inayojulikana maabara kwa mabaki ya mnyama mmoja inaweza kutangazwa kuwa imetoweka na msitu wake kupoteza hoja ya kulindwa, ilhali wanaoishi chini ya mlima huo wanaendelea kuona mashimo yake. Zaglossus attenboroughi bado imo katika daraja la hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Kamera za mwaka 2023 zimethibitisha kwamba ipo; idadi yake, mienendo yake na uzazi wake vinasubiri kuchunguzwa, na wa kwanza kuulizwa ni watu wa Yongsu Sapari.